Mtani na Uzi wa Kongosho

Asubuhi ile upepo wa Makambako ulikuwa umeshika adabu. Mapanga ya mlingoti wa kumi na saba wa umeme wa upepo yalizunguka polepole, na ndiyo maana Kihwele alikubali kushuka asomwe. Upepo ukiwa mkali hashuki kwa mtu, hata aitwe na askofu.

Alijilaza kwenye benchi la mafundi, akafungua mkanda wa kupandia, akavuta shati juu. Nikaona tundu jipya kwenye mkanda. Lilikuwa limetobolewa kwa msumari, la tatu kutoka lile la zamani. Nikampaka mafuta chini ya mbavu za kushoto, nikakandamiza kisomeo pale, nikangoja uzi uamke ndani yake.

"Mikono ya mla panya ni baridi," akasema. "Umetoka kufukua mashimo?"

"Nimetoka kuwafunga mbwa wa mtaa. Walisikia unashuka, wakaanza kuandika wosia."

Mimi ni Mngoni, jina langu Otmar Mbano. Yeye Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia sisi utani, tumalizie kwa mdomo: wao watuite wala panya, nasi tuwaite wala mbwa. Miaka ishirini na sita tangu tujuane, hatujawahi kuitana majina. Mimi nina miaka sitini na saba na yeye hamsini na nne, na hajawahi kuniamkia, wala sijawahi kudai. Tulishakubaliana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atavaa nguo zake msibani, atamwigiza mbele ya wafiwa, na atalala kaburini agome kutoka mpaka apewe jogoo. Ndiyo kazi ya mtani. Wengine wanalia, yeye anachekesha.

Kisomeo kikatetemeka. Namba humjia msomaji peke yake, sikioni, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka.

Sabini na moja.

Mwaka juzi ilikuwa kumi na mbili. Miezi minne nyuma, kumi na tisa.

Kanuni yetu sisi wasomaji ni fupi. Tamka namba mara moja. Eleza maana yake kwa maneno yaliyoandikwa. Uliza kama mtu amesikia, kisha nyamaza. Usimshike mkono, usitikise kichwa, usirudie.

"Uzi unasema sabini na moja kwa mia," nikasema, "kwamba uvimbe wa kongosho lako umeanza kugeuka saratani. Bado haijatoka nje ya mrija. Una siku tisa za kukubali kongosho litolewe lote. Umesikia?"

Kihwele akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza pembeni, halafu akaangua kicheko mpaka benchi likalia.

"Mwaka juzi ulinipa mpaka Jumanne. Leo siku tisa. Uzee umekufanya mkarimu." Akashusha shati. "Nimesikia, mla panya. Nimesikia sana."

Kisomeo kikanasa neno hilo. Taa yake ya kijani ikazimika, maana yake kazi imekwisha.

* * *

Ya mwaka juzi niyaseme, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Alijilaza benchi hilihili, namba ikaja kumi na mbili, namba ya mtu wa kuzikwa na wajukuu. Kabla sijaitamka nikamwambia kwa sauti ya kanisani: "Pole. Utakufa Jumanne. Ng'ombe mwekundu unamwachia nani?" Akageuka jivu. Nikamwacha akae na jivu lake kwa kitambo cha kuvuta pumzi tatu, ndipo nikacheka. Alinirushia buti. Mlingoti mzima ulizungumza habari hiyo mwezi mzima, nami niliifurahia.

Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Hupitishwa kooni, ukashuka tumboni, ukaingia kwenye mrija wa kongosho na kukaa humo ukionja. Kongosho hutengeneza maji makali ya kuyeyusha chakula. Likivimba, maji hukosa njia, yakaanza kulila lenyewe. Mtu husikia maumivu yanayochoma kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni. Huku kwetu tunayaita vidonda vya tumbo, tunakunywa maziwa, tunangoja yapite.

Likivimba mara moja, kwa kawaida hupona. Likivimba tena na tena, huanza kushona mshono juu ya mshono, kovu juu ya kovu. Na kila linapojiponya, seli zake huzaliana kuziba palipoliwa, mpaka siku moja seli mojawapo ikasahau kuacha kuzaliana. Wengi hawafiki huko. Wanazeeka na makovu yao na kufa kwa mambo mengine. Lakini kuna na kinyume chake. Saratani inatangulia, ndogo kama punje ya ulezi, inabana mrija, na uvimbe unakuja baadaye kama mjumbe wa msiba. Uzi unaonja yote, na kovu bichi lina ladha inayokaribiana sana na saratani changa. Ishirini na tisa iliyobaki kwenye mia ndiyo hiyo: huenda ni kovu tu.

Zamani wasomaji walibembeleza watu. Katika bonde moja, watu arobaini na mmoja walibembelezwa wakakubali kutolewa makongosho. Yalipokatwa vipande maabara, kumi na tisa yalikuwa na makovu tu. Hao kumi na tisa wanaishi na pampu kiunoni ya kuwatilia insulini, na vidonge kila mlo. Mmoja wao, mama anayekaanga vitumbua Ilembula, huniuliza kila nikipita kama ni mimi niliyembembeleza yeye. Sikuwa mimi. Hata hivyo jibu hilo hulitoa nikitazama karai.

Ndipo ikaja kanuni. Nami niliiona nzuri, na bado naiona nzuri.

* * *

Nilimpigia Daktari Shekilindi wa hospitali jioni ileile. Nikamweleza kwamba mgonjwa amejibu, ila alidhani ni utani.

"Alisema amesikia?"

"Alisema. Huku anacheka."

"Kucheka hakuandikwi, Mzee Mbano."

Nikamwomba ampigie yeye. Akasema neno likishanaswa, daktari akipiga simu huo ni ushawishi, na mwenye uzi akija kugundua kwamba lilikuwa kovu, watakaosimama mahakamani ni wao madaktari. Nikamwomba atume msomaji mwingine. Aliyekuwepo karibu alikuwa Ludewa na angefika baada ya wiki tatu. Na mimi nikirudia, kisomeo kitajifunga chenyewe, na leseni itakwenda nacho.

"Kitanda nimemwekea mpaka Alhamisi ya wiki ijayo," akasema. "Kwani uliwahi kumtania kwa namba?"

Nikakitazama kisomeo, taa yake imezimika.

"Basi," akasema, akakata.

Siku hizi, tangu mvua zihame miezi, mianzi hugemwa Agosti, kwa hiyo klabu ya ulanzi ilikuwa imefurika. Kihwele alikuwa ndani na kikombe cha togwa. Baada ya uvimbe wa pili alikatazwa pombe, naye alitii, na miaka miwili hakugusa tone. Uvimbe wa tatu ulimjia hata hivyo, mwezi wa tano, bila pombe na bila mawe kwenye nyongo. Hilo lilinisumbua kuliko namba yenyewe. Uvimbe usio na sababu mara nyingi una sababu iliyojificha.

Aliponiona mlangoni akagonga kikombe mezani, akawatangazia watu kwamba mtani wake amempa siku tisa, na wanaotaka kurithi wajipange. Mmoja akaomba buti. Mwingine akaomba ng'ombe mwekundu. Mzee mmoja wa Kibena akasema yeye hataki kitu, mradi asiwe na jirani Mhehe ahera.

Nikataka kusimama niseme kwamba huu si utani. Nikakumbuka kwamba hilo ndilo neno kila mtani analoanza nalo. Nikaketi. Nikacheka pamoja nao, maana nisingecheka wangeniuliza kwa nini, na habari ya uzi ni ya mwenye uzi. Sina ruhusa ya kumpa jirani wala mke.

Na kuna jambo jingine, ambalo sikumwambia hata daktari. Juu kwenye kichwa cha mlingoti kuna sumaku kubwa za jenereta. Pampu ya kiunoni ikizisogelea, inazimika. Mtu asiye na kongosho hapandi tena, habari imekwisha. Kihwele chini ya mlingoti ni mtu wa kawaida mwenye mdomo. Juu, mita mia na ishirini, nimemwona akitembea kwenye mgongo wa panga lililofungwa kama mtu anayekwenda kisimani. Huku ishirini na tisa ile ya kovu ikiwepo, nilikuwa tayari kumshusha huyo mtu moja kwa moja? Nilijiuliza Jumatano, nikajiuliza Ijumaa. Jumapili nilikwenda kanisani nisisikie hata neno moja la mahubiri.

Mwishoni nilijijibu hivi. Angekuwa amesikia akakataa, ningemwacha na mlingoti wake. Lakini hakuwa amesikia, na aliyemziba masikio ni mimi.

* * *

Jumatatu, siku ya sita, nilikwenda kwa mkewe, Mama Tumsifu, anayepikia mafundi chini ya mlingoti. Nikamwomba ovaroli kuukuu la mumewe. Alinitupia huku anasonya, akidhani nina mpango wa kumchekesha mtu.

Saa ya chakula, mafundi wakiwa wamekaa na sahani zao na Kihwele akiwa bado juu, nikatoka nyuma ya stoo nimelivaa.

Nikatema mate viganjani kama anavyotema yeye kabla ya kupanda. Nikautukana upepo kwa Kihehe kibovu. Nikatembea kwa ule mwendo wake wa jogoo aliyelowa. Watu wakaanguka. Mama Tumsifu alishika mwiko kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa kicheko, akaniambia nimemsahau mguu wa kushoto, yeye huuburuta.

Nikauburuta. Halafu nikaenda kwenye benchi, nikakaa. Nikainama mpaka kifua kikagusa magoti, ngumi chini ya mbavu za kushoto, nikaanza kuyumba mbele na nyuma bila sauti. Mwezi wa tano nilimkuta stoo amekaa hivyo, akaniapiza nisimwambie mtu.

Mafundi waliendelea kucheka. Mama Tumsifu aliacha.

Akaja mpaka mbele yangu. "Hivyo anakaa chumbani akidhani nimelala," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umemwonea wapi?"

Nikaendelea kuyumba.

"Mtani. Nguo za mtu huvaliwa akifa. Nani kafa?"

Nikanyamaza. Kanuni haikunikataza kunyamaza.

"Nimekuuliza, nani kafa?"

Sahani zikaacha kugonga. Mama Tumsifu alinitazama usoni kwa muda mrefu, akatafuta mahali ambapo kicheko kingetokea, na hakupaona. Akaweka mwiko chini kwenye vumbi, yeye ambaye hugombeza mtu akiuweka kwenye mfuniko. Akaenda kwenye shina la mlingoti, akavuta kengele ya hatari.

Kumshusha mtu kutoka juu huchukua dakika kumi na moja. Hakuna aliyekula.

* * *

Kihwele alifika chini anatukana. Nani kaungua, nani kaanguka. Akaniona na ovaroli lake, akasimama, kisha akacheka.

"Ahaa. Umeshanizika. Mleteeni jogoo atoke kaburini."

Nikakaa kimya.

"Jogoo hatoshi? Mleteeni panya, basi. Wa kuchoma, mwenye mkia."

Akanisogelea.

"Mla panya. Nitukane." Kicheko kilikuwa bado usoni lakini kimebaki chenyewe, sauti imekwisha. "Ninakungoja. Nitukane basi."

"Vitalis," nikamwita.

Ni jina lake la ubatizo. Miaka ishirini na sita lilikuwa halijatoka kinywani mwangu. Alilipokea kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akakaa kwenye benchi bila kuulegeza mkanda.

"Zile siku tisa," akasema. "Haukuwa utani."

Sikuweza hata kuitikia kwa kichwa. Akaelewa hilo pia. Akafungua mkanda, akajilaza.

"Soma tena."

Mama Tumsifu akawaambia mafundi waondoke, wakaondoka na sahani zao. Kisomeo kilipogusa ngozi kikanionya sikioni: usomaji wa pili ndani ya siku tisa, leseni itafungwa, endelea au acha. Nilikitegemea kwa miaka minane, na kabla yake nilikuwa mtu wa kulala popote. Nikabonyeza endelea.

"Sabini na nne," nikasema. "Zimebaki siku tatu. Umesikia?"

Taa ya kijani ikamngoja. "Na hizo nyingine? Ishirini na ngapi?"

"Ishirini na sita. Ni kovu tu. Utakuwa umetolewa bure."

"Na huko juu?"

"Hutapanda tena. Iwe saratani, iwe kovu."

Akageuza shingo akautazama mlingoti wote, kutoka shinani mpaka kwenye mapanga. Mama Tumsifu alikuwa amesimama kichwani pake, mkono mmoja juu ya nywele zake zenye vumbi la juu.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nimekatazwa kujibu hilo."

"Leseni yako si imekwisha?"

"Imekwisha."

"Basi jibu."

Nilijua nikisema, nitakuwa kama wale wasomaji wa bondeni. Nikamkumbuka mama wa vitumbua na lile karai. Nikamwambia yaliyokuwepo.

"Ningekubali kukatwa. Na wakikuta ni kovu, ningekuchukia mpaka naingia kaburini."

Mama Tumsifu alisema jambo moja tu, kwamba yeye hakuposwa na mlingoti. Kihwele akatabasamu kidogo kwa hilo. Akainuka, akauchukua mkanda wa kupandia, akapitisha kidole kwenye matundu matatu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu kitu ambacho alikuwa anakijua siku zote. Akautundika kwenye ndoano ya stoo.

"Nimesikia," akakiambia kisomeo.

Taa ikazimika, na safari hii haikuwaka tena.

* * *

Walimtoa kongosho Alhamisi. Alilala wodini wiki tano, akarudi mwembamba kama ufito, pampu kiunoni inagonga tiki, tiki. Sasa hukaa benchini chini ya mlingoti wa kumi na saba na kipaza sauti, anawatukana mafundi walioko juu kwa makosa anayoyaona kutoka chini. Wanasema milingoti haijawahi kutunzwa vizuri hivi.

Mimi ningekuwa nimeshaondoka. Sijawahi kukaa mji mmoja miezi minne bila kazi. Namsaidia Mama Tumsifu kumenya viazi, nangoja kitu kimoja.

Jibu la maabara hupewa mwenye kongosho peke yake. Nilimwuliza wiki aliyorudi. Akaweka kipaza sauti chini, akaniambia kwa uso wa huzuni: "Kovu, mla panya. Kovu tupu. Umenishusha bure." Sikula siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata nimwombe msamaha, akaniambia kwa uso uleule kwamba ilikuwa saratani, daktari alimwonyesha kwenye kioo, ndogo, nyeupe. Wiki iliyofuata ikawa kovu tena. Nilimwuliza Mama Tumsifu. Akasema yeye ni mke wa mtani wangu, si msomaji, na akanisogezea ndoo nyingine ya viazi.

Jana nikamwendea upepo ukiwa mkali, mapanga yanavuma. Nikamwambia ninataka kuondoka, na kwamba siwezi kuondoka bila kujua. Nikamwita Vitalis.

Akaniangalia. Akanipa nafasi kwenye benchi.

"Nitatamka mara moja," akasema. "Sirudii."

Nikakaa. Pampu yake ikagonga mara mbili, tatu.

"Ilikuwa saratani. Haikuwa imetoka nje ya mrija. Umeniokoa." Hakunishika mkono, hakutikisa kichwa. "Umesikia?"

Nikamtazama midomo, kwenye pembe, pale kicheko chake huanzia. Ilikuwa imetulia. Lakini na yangu mwaka juzi ilitulia hivyohivyo, kwa pumzi tatu.

"Nimesikia," nikasema.